Kabla ya kutoboa sailensa ya mashine ya salfa

MSIMU wa kupuliza salfa unapoanza mwezi Juni, mikorosho ya Newala, Tandahimba, Masasi na Tunduru huamka na mlio mmoja. Tangu alfajiri, kabla upepo haujaanza na majani yakiwa bado na umande, vijana hupita kati ya miti wakiwa na mashine mgongoni, wakirusha vumbi la njano juu ya maua kuyakinga na ugonjwa wa ubwiri unga.

Kwa mwenye mashine, miezi hiyo michache ndiyo biashara yenyewe. Wapo wanaopuliza mashamba yao tu, lakini wengine hukodisha mashine au hupuliza kwa malipo ya mti mmoja mmoja. Mashine ikilala siku tatu kwa fundi, wateja huhamia kwa jirani, na mkulima anayesubiri huona maua yakiota unga mweupe na kukauka.

Ndiyo maana mashine inapoanza kuchoka, mwenyewe hutaka dawa ya haraka. Na dawa inayotolewa mara nyingi chini ya mwembe wa fundi ni keekee: toboa sailensa, toa wavu wake, au iondoe kabisa ili moshi utoke moja kwa moja kwenye silinda. Mashine hulia kama pikipiki ya mashindano, mwenyewe huridhika, fundi hulipwa.

Mlio umeongezeka, hilo halina ubishi. Nguvu ni jambo jingine.

Kazi ya lile kopo

Mashine nyingi za kupulizia zinazobebwa mgongoni huendeshwa na injini ya mipigo miwili, yaani ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Injini hiyo haina valvu. Ina matundu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafungua na kuyafunga inapopanda na kushuka.

Hapo ndipo penye siri. Pistoni inaposhuka hufungua kwanza tundu la kutolea moshi, na muda mfupi baadaye hufungua matundu ya kuingizia petroli na hewa mpya. Kwa kitambo kidogo yote huwa wazi kwa pamoja. Moshi unatoka, mchanganyiko mpya unaingia, na sehemu ya mchanganyiko huo hutoroka pamoja na moshi kabla haujaungua. Ni petroli iliyonunuliwa kwa fedha inayotupwa hewani.

Sailensa huzuia kidogo utoro huo. Moshi unapotoka kwa kishindo hugonga kuta za kopo na sehemu ya mgandamizo wake hurudi nyuma kuelekea kwenye silinda. Watengenezaji wanaojua kazi yao hupima ukubwa wa kopo, sahani za ndani na tundu la kutokea ili mgandamizo huo usiwe mkubwa wa kuikaba injini wala mdogo wa kuacha petroli ipite bure. Baada ya hapo kabureta hupangwa kulingana na sailensa hiyo. Vitu hivyo viwili ni kama pacha; ukimgusa mmoja, mwingine naye hubadilika.

Ujuzi wa kuutumia mgandamizo huo kwa faida uliwahi kuleta kisa kikubwa katika mbio za pikipiki. Miaka ya 1950, mhandisi Walter Kaaden wa kampuni ya MZ katika Ujerumani Mashariki alitengeneza bomba la moshi lililotanuka katikati kisha likasinyaa mwishoni, ili wimbi la moshi lirudi kwa wakati uleule na kusukuma petroli iliyotoroka irudi ndani ya silinda. Kufikia mwaka 1961 injini yake ndogo ya ujazo wa sentimita 125 ilikuwa ikitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitoroka akiwa kwenye mashindano nchini Sweden, akaenda na ujuzi huo kwa kampuni ya Suzuki ya Japani. Mwaka 1962 Degner na Suzuki walitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za ujazo wa sentimita 50.

Mtu akisikia kisa hicho anaweza kutamani bomba la namna hiyo kwenye mashine yake. Hesabu inakataa. Wimbi la moshi wa moto husafiri takriban mita 500 kwa sekunde. Injini ya kupulizia inayozunguka mara 7,000 kwa dakika huacha tundu lake la moshi wazi kwa muda usiofika hata sekunde moja iliyogawanywa mara 250. Ili wimbi liende na kurudi kwa wakati, bomba linatakiwa liwe na urefu wa karibu sentimita 90. Hakuna kijana atakayekubali kuzunguka shambani na bomba la moto la urefu huo mgongoni, akiinama chini ya matawi ya mikorosho.

Somo la ndege za mfano

Watu waliolichezea suala hili kuliko wengi ni wale wanaorusha ndege ndogo za mfano huko Marekani, Ulaya na Japani. Wengi wao hutumia injini ya mipigo miwili iliyo ndogo kuliko ngumi, yenye ujazo wa sentimita 6.5 au 10 tu, inayozungusha propela zaidi ya mara 10,000 kwa dakika.

Awali injini hizo zilikuwa hazina sailensa. Kelele zake ziliwaudhi majirani, wapenzi wa mchezo huo wakaanza kufukuzwa viwanjani, na sailensa ikawa ya lazima. Nao, kama mafundi wetu, wakaanza kulalamika kuwa zinakula nguvu. Wakatoa sahani za ndani, wakapanua tundu la kutokea, wakapima mizunguko kabla na baada.

Walichopata kwa kawaida ni mizunguko mia mbili au mia tatu zaidi kati ya elfu kumi na kitu. Ni takriban asilimia mbili au tatu. Kwa mashindano ya ndege hilo linaweza kuwa na maana. Tena wapo walioipoteza injini nzima kwa sababu katika ndege hizo sailensa hufanya kazi nyingine isiyoonekana: kijibomba chembamba hutoka humo kwenda kwenye tangi na kusukuma mafuta. Ukitoboa kopo, msukumo wa mafuta hupungua, na injini huunguzwa na njaa ya mafuta ikiwa angani.

Ikumbukwe pia kwamba injini hizo zinasamehe makosa ambayo ya salfa haisamehi. Mafuta yake si petroli. Ni methanoli iliyochanganywa na vilainishi ambavyo hufika karibu asilimia 20, na kwa miaka mingi kilainishi kikuu kilikuwa mafuta ya nyonyo, hayohayo ya mbegu za mbarika. Lita moja ina karibu mililita 200 za kulainisha. Mashine ya salfa ya kiwango cha 50 kwa moja ina mililita 20. Kwa hiyo anayechukua maarifa ya ndege na kuyaleta shambani anafanya hivyo akiwa na moja ya kumi ya ulinzi.

Feni haidanganyiki

Asilimia tatu zile hazikuja kwa bahati mbaya. Propela ya ndege na feni ya mashine ya salfa zinafuata kanuni moja: ukitaka izunguke kasi kidogo tu, nguvu inayohitajika hupanda mno. Kuongeza kasi ya feni mara mbili kunahitaji nguvu mara nane.

Tuseme fundi amefanikiwa kweli, na kwa kutoboa sailensa ameongeza nguvu ya injini kwa asilimia 10, ambayo si haba. Feni itazunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia tatu tu na kidogo. Upepo unaotoka nao utaongezeka kwa kiasi hichohicho. Mkorosho ambao vumbi lilikuwa halifiki kileleni utabaki vilevile.

Kwa mwenye pampu ya maji ya petroli yenye injini ya mipigo minne habari ni fupi zaidi. Pampu hizo huwa na gavana inayoshikilia kasi, kwa kawaida karibu mizunguko 3,600 kwa dakika. Ukikata sailensa, gavana itahakikisha kasi inabaki ileile, na maji yatakuwa yaleyale. Kilichoongezeka ni kelele kwa jirani.

Kinachoongeza upepo kwenye mashine ya salfa mara nyingi hakigharimu hata shilingi. Wavu wa kuingizia hewa ya feni huzibwa na majani makavu na vumbi lililoganda. Bomba la kupulizia huchanika kwenye mikunjo na hewa ikavujia ubavuni. Na waya wa moto, yaani ule wa kuvuta mafuta, hulegea kadiri siku zinavyopita, kiasi kwamba kijana anabana hadi mwisho lakini kabureta imefunguka robo tatu. Inatosha kutoa kifuniko cha chujio, kubana hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, na kuangalia kama kile kisahani cha ndani ya kabureta kimelala sawasawa. Kama hakijalala, keekee irudishwe kwenye sanduku.

Gharama ya tundu

Sailensa ikifunguliwa, hewa hupita kwa wingi zaidi kwenye injini lakini petroli haiongezeki kwa uwiano uleule. Mchanganyiko huwa mwepesi. Na kwa kuwa oili ya kulainisha imo ndani ya petroli hiyohiyo, pungufu la petroli ni pungufu la oili. Injini inazunguka kwa furaha, joto linapanda, pistoni inatanuka hadi inakwaruza silinda upande wa tundu la moshi, ambao ndio wenye joto zaidi. Kisha inanoki.

Dalili hazifichiki kwa anayezitafuta. Injini hulia kwa sauti nyembamba ya juu, halafu ikishapata moto hupoteza nguvu. Plagi ikifunguliwa huwa nyeupe kama chokaa badala ya rangi ya kahawa. Anayeendelea kupuliza baada ya hapo ananunua pistoni, ringi na silinda, na fedha hizo zingetosha sailensa mpya na chenji ikabaki.

Hatari ya pili ni moto, na hapa mashine ya salfa haina mfano wake miongoni mwa mashine za shamba. Salfa si dawa tu, ni kitu kinachoungua. Ikifikishwa nyuzijoto 232 hivi hushika moto bila hata kuguswa na mwali, na vumbi lake likiwa hewani ni jepesi zaidi kuwaka. Ganda la sailensa ya injini inayofanya kazi kwa nguvu zote linaweza kupita joto hilo. Ndiyo sababu mtengenezaji ameliwekea kifuniko, akaelekeza upepo wa kupoza juu yake, na kuugeuza mdomo wa moshi mbali na chombo cha salfa.

Tundu lililotobolewa halina mpango huo. Linatoa mwali popote lilipoangalia, pengine kwenye tangi la petroli, pengine kwenye bomba la plastiki, pengine kwenye majani makavu yaliyotanda chini ya mkorosho.

Wavu mdogo ulioko mdomoni mwa sailensa, ambao mafundi huuita kizuizi cha moshi, ni kizuizi cha cheche. Vipande vya kaboni vyenye moto hunaswa hapo. Viwango vya idara ya misitu ya Marekani vinataka matundu ya wavu wa namna hiyo yasizidi takriban milimita 0.6, na sababu yake ni mioto ya misitu iliyoanzishwa na injini ndogo. Kuutoa na kuutupa katikati ya Agosti, nyasi zikiwa kavu, ni kumwekea jirani kiberiti shambani.

Salfa inapoungua hutoa mwali wa bluu usioonekana vizuri juani, pamoja na gesi inayokaba kifua. Moto wake huzimwa kwa mchanga mkavu au maji yanayonyunyizwa taratibu. Kumwaga ndoo kwa nguvu hutifua vumbi, nalo vumbi hulipuka. Na ule mnyororo au waya mwembamba unaoning'inia kutoka kwenye baadhi ya mashine na kugusa ardhi si pambo. Vumbi likipita kwa kasi kwenye bomba la plastiki huzalisha umeme, na mnyororo huo ndio unaoupeleka chini. Wengi huukata kwa sababu unanasa kwenye visiki.

Halafu kuna masikio. Wataalamu wa afya kazini huhesabu desibeli 85 kuwa kikomo cha kazi ya saa nane bila kinga, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda hupungua nusu. Kwenye desibeli 100, ambazo mashine nyingi za mgongoni huzikaribia zikiwa na sailensa nzima, kikomo ni dakika 15. Bila sailensa hakuna hata cha kuhesabu. Kijana anayepuliza msimu baada ya msimu atakuja kugundua kuwa hasikii watoto wakimwita, na uziwi wa namna hiyo hautibiki. Pamba ya kawaida haisaidii sana. Vizibo vya sponji vinavyobanwa na kuachiwa vijae sikioni ndivyo vinavyofaa, na bei yake ni ndogo.

Kaboni ndiyo ugonjwa

Pamoja na hayo yote, yule mwenye mashine hakuota. Mashine yake kweli imechoka, na mara nyingi kweli tatizo limo kwenye sailensa. Ila haliponi kwa kutobolewa.

Sailensa ya injini ya mipigo miwili huziba. Oili isiyoungua vizuri hugeuka masizi, masizi huganda kuwa kaboni ngumu kama lami, na kaboni hujaza matundu ya wavu kwanza, kisha tundu la moshi kwenye silinda. Injini huwaka vizuri, hutembea dakika chache, halafu huishiwa pumzi. Ukiibana zaidi hukohoa. Fundi akitoboa kopo inapata nafuu, na hapo wote wawili huamini kwamba sailensa ilikuwa mbaya tangu kiwandani.

Chanzo kimoja ni vipimo vya oili. Mashine inayotaka 50 kwa moja inahitaji mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa dumu la lita tano. Ya 25 kwa moja inahitaji mililita 40 kwa lita. Kifuniko cha chupa ya maji si kipimo, na kuongeza “kidogo ili injini isichoke” ndiko kunakoziba wavu. Mbaya zaidi ni kutumia oili ya gari. Hiyo imetengenezwa ikae ndani ya injini bila kuungua, na ikichomwa huacha uchafu mwingi. Oili ya injini za mipigo miwili inauzwa popote penye maduka ya vipuri vya pikipiki na misumeno ya mnyororo.

Chanzo cha pili husahaulika zaidi, na kwa wapuliza salfa huenda ndicho kikubwa. Vumbi la salfa huingia kwenye chujio la hewa. Chujio likiziba, injini hukosa hewa na kupata petroli nyingi kupita kiasi, na petroli hiyo isiyoungua yote ndiyo inayokwenda kuwa kaboni kwenye sailensa. Ugonjwa uko mkiani, mdudu yuko puani. Gramu 250 za salfa kwa mti, ambacho ni kiwango kilichozoeleka, maana yake mfuko mmoja wa kilo 25 unapita kwenye mashine kila baada ya miti 100. Chujio linapaswa kufunguliwa na kukung'utwa kila siku ya kazi. La sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likamuliwe na likauke kabisa kivulini. La karatasi halioshwi.

Kusafisha sailensa yenyewe ni kazi ya saa moja au mbili, na mwenye mashine anaweza kuifanya nyumbani. Injini ipoe kabisa na waya wa plagi uchomolewe. Kifuniko kikitolewa, sailensa huonekana imeshikwa kwa bolti mbili au tatu. Zikiwa ngumu zisilazimishwe. Zipakwe mafuta mepesi na kuachwa zilale, maana bolti inayokatikia ndani ya silinda ya aluminiamu huzaa kazi kubwa kuliko iliyokuwepo.

Sailensa ikitoka, kwanza liangaliwe tundu la moshi. Zungusha injini taratibu kwa kamba hadi pistoni ilizibe tundu lote, ili uchafu usidondokee ndani. Kisha kwangua kaboni kwa kijiti cha mwanzi au mti mgumu. Bisibisi isiguse hapo. Mchubuko mmoja kwenye pistoni au ukingo wa tundu utakula ringi kila inapopita, na ringi hupita mara maelfu kwa dakika. Mabaki yapulizwe nje kabla pistoni haijasogezwa.

Wavu husuguliwa kwa brashi ya waya. Ukiwa umeziba sana, ushikwe kwa koleo juu ya moto wa mkaa hadi kaboni iungue, kisha ukung'utwe. Kopo la chuma nalo laweza kuchomwa hivyohivyo, nje ya nyumba, mbali na salfa na petroli, na mtu asisimame kwenye moshi wake. Likishapoa lenyewe, ligongwe kwa ubao na kutikiswa hadi vipande viishe kutoka. Wapo wanaoloweka kopo kwenye magadi makali ya kutengenezea sabuni. Kwa chuma yanafanya kazi, lakini yakigusa aluminiamu huila na kutoa gesi inayolipuka, na yakigusa jicho hulipofua. Moto wa mkaa unatosha.

Wakati wa kurudisha, gasketi iwe mpya. Gasketi iliyochoka huvujisha moshi wa moto juu ya silinda na hulegeza bolti. Injini ikishatembea dakika kumi na kupoa, bolti zikazwe tena.

Kwa anayepuliza kila siku, wavu uangaliwe kila wiki mbili, yaani kila mzunguko mmoja wa salfa unapokwisha. Ni ratiba rahisi kukumbuka kwa sababu mti wenyewe ndio unaoikumbusha.

Kununua nyingine

Sailensa iliyopasuka, kutoboka kwa kutu au kulegea sahani za ndani haina budi kubadilishwa. Ukiitikisa na kusikia kitu kinacheza ndani, imekwisha.

Madukani zipo zilizotengenezwa na kampuni ya mashine yenyewe na zipo za kuiga. Si kila ya kuiga ni mbovu, lakini nyingi zina bati jembamba ambalo mtetemo wa injini hulipasua kwenye kiungo cha bolti. Iliyo nzito kidogo mkononi ndiyo ya kuangalia kwanza. Kwa ndani, chungulia kwa tochi kama sahani zimechomelewa au zimebanwa tu.

Ujazo wa injini kufanana si hoja ya kutosha. Mashine mbili za sentimita 60 zinaweza kuwa na matundu ya moshi ya umbo tofauti, na sailensa isiyolingana hulifunika tundu nusu. Njia ya uhakika ni kwenda dukani na gasketi ya zamani, au karatasi iliyobandikwa kwenye silinda na kupigwa alama kwa kidole chenye mafuta, kisha kuilinganisha na sailensa mpya. Nafasi ya bolti, ukubwa wa tundu na mwelekeo wa mdomo vyote vionekane kulingana. Mdomo ukiangalia upande mwingine, usichukue hata kwa nusu bei. Na kama haina wavu, muuzaji atoe wavu au atoe sababu.

Yapo marekebisho yasiyo na ubaya. Kuchomelea ufa kwenye kopo la chuma ni sawa, mradi petroli imeondolewa na kopo limetolewa kwenye mashine. Kuongeza kibati cha kukinga joto kati ya sailensa na mgongo wa mbebaji ni jambo jema, mradi kisizuie upepo wa kupoza. Wavu uliokatika unaweza kubadilishwa kwa wavu wa chuma kisichoshika kutu wenye matundu madogo kama ya awali. Wavu wa chujio la chai la bei rahisi hauvumilii joto hilo.

Wapo watakaoshikilia kupanua mdomo. Basi wafanye kama wanavyofanya warusha ndege: wapanue kidogo tu, wabakize wavu, na mdomo usizidi ukubwa wa tundu la moshi la silinda. Kisha skrubu ya kabureta yenye herufi H ifunguliwe kidogo kidogo hadi injini ikibanwa mwisho itoe sauti nzito yenye kugugumia kidogo, na kasi ipimwe kwa kipimo cha mizunguko ili isizidi iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Fundi asiye na kipimo hicho anakisia kwa sikio, na sikio lake limeshafanyiwa kazi na mashine zisizo na sailensa. Kwenye mashine ambazo skrubu hiyo imefungwa na kiwanda isigeuke, kupanua mdomo ni kuiua injini kwa makusudi.

Salfa ya mwisho ikishapulizwa, mashine nyingi hutupwa stoo hadi mwaka unaofuata. Kabla ya hapo petroli itolewe yote na injini iachwe iwake hadi ijizime, vumbi la salfa lifutwe kwenye ganda lote la sailensa kwa sababu likipata unyevu hula chuma, na mdomo wa moshi uzibwe kwa kitambaa kilichofungwa kwa uzi mrefu wa rangi ili usisahauliwe wakati wa kuwasha. Nyigu wa udongo hupenda sana tundu la namna hiyo. Wakijenga humo kuanzia Oktoba, Juni itakapofika mwenye mashine atavuta kamba asubuhi nzima, na fundi atakuwa ameshashika keekee.